Kurekodi TV nyumbani: king'amuzi cha kampuni au rekoda ya kujitegemea? Mwongozo kamili kwa nyumba za Mbeya, Iringa na Njombe

Ukiingia duka la vifaa vya umeme Mwanjelwa ukasema unataka DVR (mashine ya kurekodi picha), muuzaji atakuuliza swali moja tu: "Ya chaneli nne au nane, bosi?" Mimi mara ya kwanza nilijibu nane, nikiamini chaneli zikizidi na mpira utazidi. Nikaletewa boksi la kamera za ulinzi.

Kwa hiyo kabla ya yote, tuelewane. Kwa mafundi wetu DVR ni mashine ya CCTV. Ina matundu ya duara ya kuingizia kamera na haijui kifurushi wala rimoti ya king'amuzi. Unachotaka wewe, ili urudi kutoka zamu au shambani ukute mechi inakusubiri, kiitie jina lake kamili: king'amuzi kinachorekodi, au rekoda ya TV. Utaokoa nauli ya bajaji ya kurudisha.

Wa kuchagua kati yao ni wawili, na wa tatu amejibanza katikati.

Wa kwanza ni king'amuzi cha kampuni ya dishi chenye diski ndani. Kinachofahamika zaidi huku ni Explora ya DStv, iliyotoka mwaka 2013 baada ya PVR, yaani king'amuzi chao cha kwanza kinachorekodi, ya mwaka 2005. Wa pili ni rekoda ya kujitegemea: mashine isiyo na kampuni. Unaichomeka nyuma ya king'amuzi chochote, nayo inarekodi kila king'amuzi kinachotoa. Wa tatu ni king'amuzi cha chaneli za bure chenye tundu la USB: unachomeka flashi, unabonyeza kitufe chekundu cha rimoti, kinarekodi. Televisheni nyingi mpya nazo zina uwezo huo. Huyu wa tatu watu humsahau, na mara nyingi ndiye anayewafaa.

Ubishi huu si mpya. Rekoda za kujitegemea ndizo zilizotangulia: TiVo na ReplayTV ziliingia sokoni Marekani mwaka 1999. Haikupita muda, mwaka 2000, TiVo ikawekwa ndani ya king'amuzi cha setilaiti cha DirecTV, na mwaka 2001 Sky ya Uingereza ikatoa Sky+ yake. Kampuni za dishi ziling'amua mapema kwamba anayeshika king'amuzi ndiye anayeshika rekodi.

Unga na ugali

Ukielewa jambo hili moja, mengine yote yanajipanga. Picha inayotoka kwenye setilaiti inafika kwenye dishi lako ikiwa imebanwa. Huo ni unga. King'amuzi kinauchukua unga kinaupika, na kinachotokea kwenye televisheni ni ugali.

King'amuzi cha kampuni kinachorekodi kinaweka unga wenyewe kwenye diski. Hakipiki chochote mpaka siku utakapobonyeza kutazama. Ndiyo maana rekodi yake haina tofauti na matangazo ya moja kwa moja, na haijazi diski ovyo. King'amuzi cha USB nacho hufanya hivyohivyo.

Rekoda ya kujitegemea inapokea ugali. Ili ihifadhi, inabidi iurudishe kuwa unga, na wewe umeshaona wapi ugali ukirudi kuwa unga ulivyokuwa? Picha inabanwa upya, na nyasi za uwanjani zinageuka ukoga. Tena mara nyingi unaiunganisha kwa waya wa rangi tatu (njano, nyekundu, nyeupe), ambao kwa mfumo wetu wa picha, PAL, unabeba picha isiyozidi nukta 720 kwa 576. Picha kamili ya HD ni 1920 kwa 1080. Hiyo ni mara tano.

"Basi nitatumia HDMI." Hapo ndipo wengi wanaponasa. HDMI ya king'amuzi cha kulipia kwa kawaida imefungwa kwa kinga inayoitwa HDCP. Televisheni itaonyesha vizuri, rekoda itakupa skrini nyeusi au tangazo la kukataa. Mashine haijaharibika, ndivyo ilivyokusudiwa. Na ving'amuzi vipya vingine havina tena tundu la rangi tatu. Kabla hujanunua rekoda, geuza king'amuzi chako uangalie mgongoni.

Hatua ya kwanza: andika unachotaka kurekodi

Chukua karatasi. Andika vipindi vitano ulivyovikosa mwezi uliopita, na kando ya kila kimoja andika chaneli yake. Usiandike unavyofikiri utarekodi. Andika ulivyovikosa kweli.

Kama vitano vyote viko kwenye king'amuzi kimoja cha kulipia na kampuni hiyo inauza king'amuzi kinachorekodi, nusu ya jibu unayo. Kama ni taarifa ya habari na tamthilia za chaneli za bure, king'amuzi cha USB kinakutosha, na fedha iliyobaki nunua mbolea. Kama vimetawanyika, viwili Azam, kimoja DStv, viwili chaneli za antena, hapo ndipo rekoda ya kujitegemea inapopata hoja, kwa kuwa haina ubaguzi. Nayo haina jicho lake yenyewe: tangu matangazo ya analojia yalipozimwa Mbeya mwaka 2013, zile rekoda za zamani zenye kipokezi chao cha antena ndani haziwezi kukamata kituo. Zinategemea king'amuzi kilicho mbele yao kiwe kimewashwa, kwenye chaneli ileile.

Hatua ya pili: hesabu waya zinazoshuka kutoka juu

King'amuzi cha kampuni kinaweza kurekodi chaneli moja huku unatazama nyingine kwa sababu kina vipokezi viwili au zaidi ndani. Lakini kila kipokezi kinataka kulishwa. Ukipewa mashine ya vipokezi viwili ikaunganishwa na waya mmoja wa kawaida, utaona baadhi ya chaneli zinakataa pale tu unaporekodi, na utamlaumu muuzaji bure. Mwambie fundi aweke LNB (kile kichwa cha kupokea kilicho mbele ya dishi) ya matundu mawili na ashushe waya mbili, au LNB maalumu inayotakiwa na mashine hiyo pamoja na kigawanyio chake. Kigawanyio cha mia tano mia tano cha barabarani hakifanyi kazi hiyo.

Akiwa juu ya bati, mwombe akaze kila kitu. Kwa sisi wa Mbeya, setilaiti ya DStv iliyoko nyuzi 36 mashariki iko karibu juu ya utosi, ndiyo maana dishi lake linatazama mbingu kama linaomba mvua. La Azam, kwenye nyuzi 7 mashariki, linainamia magharibi. Masika ya Rungwe yakipiga, yote mawili yatapoteza picha. Tofauti ni muda tu. Dishi la sentimita 90 lililokazwa vizuri hurudisha picha mapema kuliko dogo lililoning'inia. Na kumbuka: mashine inarekodi inachopokea. Picha ikikatika mvua inaponyesha, na kwenye rekodi itakatika hapohapo.

Hatua ya tatu: umeme, na hapa usiwe na haraka

Mwaka juzi shemeji yangu alikuwa zamu ya usiku. Akaniomba nimrekodie mechi. Nikapanga vizuri: king'amuzi cha kawaida kimewashwa kwenye chaneli, rekoda ya kujitegemea iko tayari na saa yake. Dakika ya ishirini umeme ukakatika. Baada ya robo saa ukarudi. Rekoda, kwa uaminifu wa ajabu, ikawaka yenyewe na kuendelea na kazi. King'amuzi kikarudi na taa nyekundu, kimelala.

Asubuhi shemeji kafika, chai mezani, tukabonyeza. Dakika ishirini za mpira, halafu saa moja na nusu ya skrini nyeusi. Akatazama kwa heshima kama dakika mbili. "Sasa shem, mimi nimekuja kuangalia giza?"

Kosa halikuwa la mashine yoyote peke yake. Mashine mbili zikitegemeana, mnyororo una pete mbili za kukatika. King'amuzi cha kampuni kinachorekodi ni pete moja: kikirudi, kila kitu kimerudi. Kwa nyumba ambazo umeme hukatika hukatika, hoja hii kwangu ina uzito kuliko ubora wa picha.

Basi fanya jaribio hili dukani, kabla ya kutoa hela. Weka rekodi ianze. Ngoja dakika tatu. Chomoa waya wa umeme kabisa ukutani, usitumie rimoti. Kaa dakika tano, piga soga, kisha rudisha. Sasa angalia mambo manne. Je, kimewaka chenyewe au kimelala? Je, kimerudi kwenye chaneli ileile? Je, kile kipande cha kwanza kimehifadhiwa au kimepotea? Na ratiba ya rekodi za kesho bado ipo? Muuzaji akikataa jaribio hili, mshukuru na uende duka la pili. Ving'amuzi vingi vya bei rahisi vina mahali kwenye menyu pa kuchagua hali ya kurudi umeme unaporudi. Tafuta hapo, weka kiwake.

Ukiweza, nunua UPS ndogo ya VA 650, kile kisanduku cha betri kinachoshika umeme ukikatika. Usiichomekee televisheni. King'amuzi na rekoda kwa pamoja hula kama wati 35, hivyo betri ikiwa nzima utapata kama saa moja, ambayo inavuka kukatika kwingi kwa kawaida. UPS pia inailinda diski: diski inayozunguka haipendi kuzimwa ghafla. Fridge guard inakinga umeme ukizidi au ukipungua, lakini haina betri, kwa hiyo hapa haikusaidii kuendelea.

Radi ni habari nyingine. Novemba na Desemba, radi zikianza kurindima upande wa Loleza, chomoa umeme na waya wa dishi pia. Utakosa rekodi ya siku hiyo. Kosa.

Na LUKU je? Mashine ya kurekodi hailali kabisa. Hata ikiwa kwenye kusubiri inakula. Tuseme wati 15 mchana na usiku: hizo ni kama uniti 11 kwa mwezi. Kama uko kundi la matumizi madogo na unapambana usivuke uniti 75, ziingize kwenye hesabu yako.

Hatua ya nne: saa

Mwongozo wa vipindi wa king'amuzi cha kampuni ndio raha yake kubwa. Unaona jina la mechi, unabonyeza R, umemaliza. Kwenye tamthilia unabonyeza mara moja, inarekodi mfululizo mzima.

Rekoda ya kujitegemea na king'amuzi cha USB mara nyingi vinataka uandike saa kwa mkono, na hapa Mswahili anaponzwa na Kiswahili chake. Saa mbili usiku ni 20:00. Saa kumi jioni ni 16:00. Andika kwenye karatasi ubandike ukutani, kwa sababu nimemwona mtu mzima ameweka 02:00 akarekodi mahubiri ya usiku wa manane badala ya taarifa ya habari. Kisha ingia kwenye menyu, sehemu ya eneo la saa, uweke GMT+3. Mashine ikija na GMT+2 ya Afrika Kusini, au sifuri, rekodi zako zote zitahama kwa saa moja au tatu na utafikiri imeharibika.

Mpira uongezee pembeni. Dakika 90, mapumziko 15, nyongeza, majeruhi: anza dakika kumi kabla, maliza dakika arobaini na tano baada. Hata kwenye king'amuzi cha kampuni panua muda, kwa kuwa mwongozo wa vipindi haujui penalti.

Hatua ya tano: diski na flashi

Chaneli ya kawaida hula takriban megabiti 3 kwa sekunde, sawa na GB 1.35 kwa saa. HD ya megabiti 8 hula GB 3.6 kwa saa. Kwa hiyo flashi ya GB 32 inabeba HD kama saa nane na ushee, au chaneli ya kawaida kama saa ishirini na tatu. Diski ya TB 1 inakaribia saa 270 za HD. Hapo utachoka wewe kabla haijajaa.

Flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haikubali faili moja kuzidi GB 4. Baadhi ya ving'amuzi hukata rekodi vipande vipande vyenyewe, vingine husimama tu katikati ya kipindi. Kama king'amuzi chako kinakubali NTFS, tumia hiyo. Diski ndogo ya nje nayo inaweza kuhitaji umeme kuliko miliampea 500 za tundu la USB la kawaida. Ikiwa inalia kengele kama saa mbovu na kuzima, haijafa, ina njaa. Ipatie waya wa vichwa viwili au adapta yake.

Na jamani, televisheni au king'amuzi kikikuuliza kiipange upya diski kwanza, maana yake kinafuta kila kitu. Usichomeke ile yenye picha za send-off ya dada.

Mitumba: soma hapa kabla ya kulipa

Rekoda nyingi za kujitegemea zinazofika huku ni mitumba, na asili yake ndiyo kila kitu. Ya Japani imetengenezwa kwa volti 100, ya Marekani kwa 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye 230 yetu utasikia harufu, na huo ndio mwisho wa mazungumzo. Soma kibandiko cha nyuma: kama kimeandikwa 100–240V, sawa. Pili, nchi hizo mbili zilitumia mfumo wa picha wa NTSC, sisi PAL. Mashine isiyokubali PAL itakupa picha inayoporomoka au isiyo na rangi. Tatu, rekoda kama TiVo ya Marekani inategemea ratiba ya vipindi vya huko. Kule Uingereza wenye TiVo za kwanza walikatiwa huduma ya ratiba mwaka 2011, mashine zikiwa nzima. Ya Ulaya, ya PAL, yenye diski na tundu la rangi tatu, ndiyo ya kuulizia.

Uliza pia kama inakuja na kile kijiwaya chenye taa ndogo inayobandikwa mbele ya king'amuzi ili rekoda ibadilishe chaneli yenyewe kama rimoti. Bila hicho, king'amuzi kinabaki kwenye chaneli uliyokiacha, na mtoto akipita akabonyeza katuni, umerekodi katuni.

Hatua ya sita: rekodi ni ya nani?

Rekodi ya king'amuzi cha kampuni imefungwa kwa mashine hiyo na kadi hiyo. Ukitoa diski ukaichomeka kwenye kompyuta hutaona kitu. Mashine ikifa, rekodi zimekwenda nayo. Na kwa kawaida kifurushi kikiisha, hata ulivyorekodi mwezi uliopita havifunguki mpaka ulipie, na kampuni nyingine hutoza ada ya kurekodi juu ya kifurushi. Uliza swali hili kwa maneno haya haya: "Nisipolipia mwezi mmoja, nitaweza kutazama nilivyokwisha kurekodi?"

Rekoda ya kujitegemea haikuulizi. Ulichorekodi unakitazama hata kama huna hata senti ya kifurushi, na nyingi hukuruhusu kukihamishia kwenye DVD. King'amuzi cha USB, ukirekodi chaneli ya bure, mara nyingi hukupa faili la kawaida linalofunguka kwenye kompyuta. Ila rekodi za televisheni yenyewe kwa kawaida hufunguka kwenye televisheni hiyohiyo tu.

Uhuru huo una mpaka. Kutazama sebuleni ni jambo moja. Kupeleka rekodi ya mechi kibanda umiza ukatoza kiingilio ni biashara ya haki za watu wengine, na COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki, wapo.

Hatua ya saba: piga hesabu ya miezi 36

Bei ya dukani inadanganya. Chukua bei ya mashine, ongeza dishi, LNB na fundi, halafu ada ya kurekodi mara 36. Upande wa pili, bei ya rekoda, UPS, waya, na diski moja ya akiba. Kifurushi chenyewe usikihesabu, maana utakilipia kokote. Nimewafanyia majirani hesabu hii Uyole mara kadhaa, na ada ndogo ya mwezi ndiyo huwa inageuza matokeo.

Mimi ningeamua hivi. Mtu wa mpira anayelipia DStv kila mwezi bila kukosa: achukue king'amuzi cha kampuni, asihangaike. Mama wa tamthilia na habari za chaneli za bure, Kihesa au Mafinga: king'amuzi cha USB na flashi ya GB 64. Anayelipia mwezi huu na kuruka miwili mpaka avune viazi asifungwe na mashine ambayo rekodi zake zinalala kifurushi kinapolala. Rekoda ya kujitegemea ningempa mwenye ving'amuzi viwili vya zamani vyenye waya wa rangi tatu, mwenye subira, na asiyejali picha yenye ukungu kidogo. Ni wachache, lakini wapo. Mmoja ni mimi.

Shemeji sasa ana king'amuzi cha kampuni chumbani kwake Soweto. Wiki iliyopita alinipigia simu: kimerekodi mechi yote, umeme haukukatika hata dakika moja. Alikuwa amesahau kuongeza dakika za mwisho, kikamkatia kabla penalti hazijaanza. Akataka kujua nani alishinda.